Komeo la Nje

Miaka haina haraka, wala haina ndugu. Hupita juu ya mtu kama maji ya bamvu yapitavyo juu ya jiwe: leo huoni lililopungua, kesho huoni, na siku utakapolitazama jiwe kwa makini utakuta lina umbo jingine. Ndivyo ilivyopita juu ya mwanamke mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Funguo. Alipoanza kazi katika nyumba kongwe iliyokabili bahari alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, meno yake yote yamo kinywani na watoto wake watatu wamo mgongoni na mikononi. Siku yalipomfika haya tunayoyasimulia alikuwa na miaka hamsini na minane, magego mawili yamekwisha kumuaga, na watoto wameoa na kuolewa, kila mmoja na mji wake. Aliyebaki naye chini ya dari moja ni mumewe, seremala aliyeitwa Fundi na wakubwa kwa wadogo, mtu ambaye mikono yake ilikuwa imestaafu ilhali mdomo wake bado uko kazini.

Kazi ya Bi Funguo ilikuwa kutembeza wageni. Walikuja kwa mabasi asubuhi, wamevaa kofia pana, wamejipaka mafuta mpaka pua zinang'aa. Kwanza walipelekwa ufukweni, wakatia miguu majini, wakaokota kombe na kupiga picha jiwe lilelile walilopiga wenzao wa jana. Jua likipanda waliingizwa katika vichochoro vya mji wa kale. Saa sita kamili walifika katika nyumba kongwe, na saa saba walishuka kwenda kula samaki wa kukaanga katika mgahawa wa nyuma ya soko. Pwani ile ilisifiwa kwa mambo hayo matatu, mchanga, mawe na samaki, na Bi Funguo alikuwa mlinzi wa mawe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja, kuta nene zimepakwa chokaa, ngazi za mbao zenye kidato cha tisa kilichotikisika kama jino bovu. Juu palikuwa na ushoroba mrefu, vyumba vitano vikubwa vyenye vitanda na masanduku ya watu wa zamani, na mwisho wa ushoroba chumba kimoja kidogo. Funguo za vyumba vile vikubwa, za lango na za stoo alizifunga kiunoni kwa ukanda wa ngozi, na mlio wake ulifika kabla yake. Chumba kidogo hakikuwa na ufunguo. Kilikuwa na komeo tu, tena kwa nje.

Watembezaji wa mji ule walikuwa na kanuni yao, hawakuiandika popote wala hawakuivunja: mgeni asiondoke na swali mkononi. Mzee aliyemfundisha Bi Funguo kazi alimwambia, "Ukimwambia mgeni 'sijui' mara moja, hata ulichokijua atakitilia shaka. Usiseme hujui. Sema ndivyo tulivyopokea." Naye akaishika kanuni hiyo kama mwanafunzi mwema ashikavyo ubao wake.

Katika mwaka wa kumi na tano wa kazi yake, mgeni mmoja mrefu mwenye daftari alisimama mbele ya chumba kidogo. "Mlango wa chumba cha kulala hukomewa kwa ndani," alisema. "Huu unakomewa kwa nje kama banda la mbuzi. Kwa nini?"

Bi Funguo hakujua. Wageni kumi na mmoja walikuwa wakimtazama. Akafungua kinywa, na maneno yakaja. Alisema kwamba zamani nyumba hii ilikuwa na bibi mwenye nyumba, na bibi huyo alikuwa akiburuta mguu wa kushoto kwa sababu aliwahi kuanguka utotoni. Alisema kwamba alijifunga kitambaa cha kijani, na funguo zake alizifunga katika pindo la kitambaa hicho. Maneno yalimtoka bila jasho, kana kwamba kuna mtu aliyemshikia karatasi naye anasoma.

"Na aliyefungiwa humu ni nani?" aliuliza yule mrefu.

Hapo maneno yakakatika. Bi Funguo akatazama dari, akatazama vidole vyake, akatafuta, na baada ya kutafuta sana akasema, "Ni mtoto. Mtoto wake wa kambo. Alimfungia humu, akaketi hapa nje na funguo zake, mpaka siku ya tatu mtoto akafa kwa kiu."

Mwanamke mmoja akajifuta machozi. Yule mrefu akaandika. Nao walipokwenda kula samaki hawakuzungumza bahari wala mchanga. Walizungumza habari ya komeo.

Uongo ni kama mbegu ya papai: unaitupa uani kwa bahati mbaya, na baada ya mwaka mmoja unagombania kivuli chake na jirani. Watembezaji wengine waliudaka. Mmoja wao, kijana wa miaka thelathini aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, akaongeza kilio cha mtoto, na kilio hicho akakiigiza mwenyewe kwa sauti nyembamba. Kisha habari ikaingia katika kijitabu cha wageni. Kisha ikaandikwa yote kwenye ubao uliopigiliwa ukutani, na juu yake: CHUMBA CHA MTOTO. Wageni walipanga mstari waliguse komeo, na kwa kuguswa miaka mingi likang'aa kama pete, ilhali makomeo mengine yote ya nyumba ile yalikuwa yameliwa na kutu. Mlango wenyewe haukufunguliwa mbele ya wageni. Ndani hamkuwa na kitu, na watembezaji wanajua kwamba chumba kitupu huua hadithi.

Miaka minne ikapita tangu uongo ule uzaliwe, ndipo Bi Funguo aliposikia hatua.

Ilikuwa saa saba ya mchana. Redio alikuwa amewashusha wageni kwenda kula, naye alibaki juu afunge madirisha. Jua lilikuwa utosini, ushoroba wote mweupe, hakuna hata kivuli cha kujificha. Akasikia ndani ya chumba kidogo kishindo kimoja cha unyayo, kisha mburuto. Kishindo, kisha mburuto. Ikaja hivyo kutoka upande wa dirisha mpaka mlangoni, ikasimama pale nyuma ya mbao za mlango kama mtu asikilizaye, kisha ikarudi.

Kilichomtisha si kusikia mwendo. Nyumba kongwe ina panya, ina upepo, ina mbao zinazojinyoosha kama wazee waamkao. Kilichomtisha ni kwamba mwenye mwendo ule alikuwa anachechemea, na kilema kile alikuwa amekibuni yeye mwenyewe.

Alimweleza mumewe. Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Mbao hutanuka kwa joto, mama watoto. Nimelala na mbao miaka kumi kabla sijalala na wewe, nazijua."

"Basi njoo uzisikilize."

Fundi akaenda na nyundo yake, akaketi kwenye ushoroba mchana kutwa wa siku moja. Aliporudi nyumbani aliiweka nyundo pembeni. Alinawa, akala, akasukuma sahani. "Ile si mbao," alisema, na tangu siku hiyo hakupanda tena ngazi za nyumba ile, wala hakuwahi kulifanyia mzaha jambo lile, yeye aliyeweza kuufanyia mzaha hata msiba wa mjomba wake.

Kutoka hapo Bi Funguo akaacha kufagia chumba kidogo. Aliomba maghufira kila baada ya sala, lakini hakumwambia Mola aliombalo maghufira ni lipi, kana kwamba Mjuzi wa siri anaweza kufichwa. Na kesho yake, mgeni akiuliza, hadithi ilisimuliwa ileile. Miaka minane mingine ikaenda hivyo.

Ndipo likaja basi moja, na ndani yake bibi kizee wa miaka sabini na minane, mwembamba, mwenye mkoba wa kitambaa na macho yasiyopepesa. Ufukweni hakutia miguu majini. Katika vichochoro alitangulia kukata kona kabla ya kuonyeshwa njia. Alipofika kwenye ngazi za nyumba kongwe aliruka kidato cha tisa bila ya kuambiwa, na Bi Funguo, aliyekuwa nyuma yake, akaliona hilo.

Juu, Redio alisimulia kwa ustadi wake wote, na kilio akakilia. Wageni wakapanga mstari. Bibi yule alisimama ameupa ukuta mgongo.

"Bibi, karibu uliguse," alisema Redio. "Lina bahati. Kuna dada aliligusa mwaka jana akapata mchumba kabla basi halijaondoka."

"Mimi nimeligusa kabla babu yako hajaota ndevu," alijibu bibi.

Wageni wakacheka. Redio naye akacheka, kwa nusu ya mdomo. Bibi akamgeukia Bi Funguo. "Habari hizi nani alikuambieni?"

"Ndivyo tulivyopokea kwa waliotutangulia, mama."

"Waliowatangulia wana makaburi? Niende nikawaulize."

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba mgeni akashuka ngazi za Bi Funguo na swali mkononi.

Katika mgahawa bibi alichagua meza ya pembeni, akavuta kiti cha pili, akamwita Bi Funguo kwa kidole. Mpishi akaleta samaki na mkate. Bibi alimenya samaki wake polepole, akatenga miiba ukingoni mwa sahani, kisha akasema, "Nina maswali mawili. La kwanza, nani alikuambia kwamba alikuwa anaburuta mguu wa kushoto?"

Bi Funguo alitazama sahani. Angeweza kurudia maneno ya mwalimu wake. Lakini bibi yule alimtazama kama mtu aliyekwisha kujua, na anayeulizwa na aliyekwisha kujua hana pa kukimbilia. "Hakuna," alisema. "Nilibuni."

"La pili. Kitambaa cha kijani, na funguo kwenye pindo?"

"Nilibuni, mama. Mungu anisamehe. Yote yalinitoka tu siku moja."

"Hukubuni, mwanangu. Kitambaa hicho nimekilalia utoto wangu wote. Alikuwa mama yangu."

Kelele za mgahawa zikawa kama zimehamia nyumba ya pili. Bi Funguo alishika ukingo wa meza.

"Ndui iliingia mjini," bibi alisema. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Baba alikuwa safarini. Asubuhi moja mama akaona vipele mkononi mwake, akanitazama mimi, akaona sina. Akamwita seremala, akamwambia ang'oe komeo la ndani aliweke nje. Akaingia mwenyewe. Akaniambia, 'Wewe ndiye mlinzi wangu. Shangazi yako atapitisha maji na uji chini ya mlango. Nikikuomba ufungue, usifungue. Nikikulilia, usifungue. Nikikwambia nimepona, usifungue.' Nilikuwa na miaka sita. Niliketi pale pale kijana wako anapolia kilio chake. Mama alikuwa akitembea humo ndani, unyayo mmoja, mburuto mmoja, mpaka mlangoni, kisha anarudi. Siku ya nne aliniomba. Sikufungua. Siku ya tano alinililia. Sikufungua. Siku ya sita hakusema kitu."

Bi Funguo alirudisha mkate sahanini.

"Miaka sabini na miwili nimeishi nikijua sikumfungulia mama yangu kwa sababu yeye alinipenda. Nikasema nikaione nyumba kabla sijafa. Nafika, nakuta ubaoni imeandikwa kwamba yeye ni muuaji wa mtoto. Huyo mtoto ni mimi. Siko kaburini. Niko hapa, nakula samaki."

"Nisamehe, mama."

"Mimi si wa kuombwa. Keshokutwa nasafiri. Kesho utasimama palepale uliposema, saa ileile, mbele ya wageni, uyatengue kwa kinywa kilekile. Yule hana mdomo wa kujitetea." Bibi akafuta vidole. "Samaki wenu wazuri. Hilo hamkulidanganya."

Alasiri ile Bi Funguo alikwenda kwa msimamizi wa nyumba, mtu mzuri wa tabia, mdogo kwake kwa miaka ishirini, aliyeketi katika chumba cha chini nyuma ya rundo la vijitabu vipya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, mimi nakuheshimu kama mzazi. Lakini fikiri. Mgeni akitaka bahari, bahari iko kila mahali. Akitaka samaki, wamejaa kila pwani. Yule mama mwenye komeo yuko kwetu tu."

"Hayupo hata kwetu. Tumemzulia."

"Basi tuongeze neno 'inasemekana' pale mwanzo wa ubao. Kwa maandishi madogo. Ukishaweka 'inasemekana', kila kitu halali."

"Mwanangu, neno hilo halijamtoa mtu motoni hata mmoja."

Msimamizi akavaa tena miwani. "Sitakuziba mdomo," alisema hatimaye. "Ila ukisema, utaniachia funguo. Siwezi kuwa na mtembezaji anayewaambia wageni kwamba tunawadanganya."

Bi Funguo alirejea nyumbani jua likiwa bado juu ya mapaa. Fundi alikuwa barazani akipiga randa ubao wa kigoda. Alimweleza yote, na randa ikapunguza mwendo mpaka ikasimama.

"Fundi, ukigundua umepigilia mbao ya mlango mahali si pake, unafanyaje?"

"Nang'oa misumari."

"Ikiwa imeshika?"

"Kuna misumari hung'oka na kipande cha mbao. Lakini ikibaki, mlango hautafungika kamwe, na kila apitaye atakutukana wewe." Akapuliza vumbi la randa. "Unaogopa njaa?"

"Naogopa kile chumba. Niliposema uongo kilinyamaza kimya miaka minne. Nikisema kweli sijui kitafanya nini. Nami nimezoea kuitwa kwa funguo zangu. Nikizitoa nitaitwa nani?"

"Nitakuita jina nililokuoa nalo, kama sijalisahau." Kisha akaacha mzaha. "Nenda. Kama ni njaa, tutakunywa chai kavu. Niliinywa chai yako ya wiki ya kwanza ya ndoa na bado ninapumua."

Usiku haukuwa umeingia bado, Bi Funguo akiwa anaanua nguo kwenye kamba, ndipo lilipomjia jambo ambalo miaka kumi na miwili hakulitambua, akasimama na shuka mkononi. Alikumbuka namna maneno yalivyomjia siku ile. Mguu wa kushoto ulikuja wenyewe. Kitambaa cha kijani kilikuja chenyewe. Pindo la funguo lilikuja lenyewe. Lakini mtoto wa kambo, kiu na kifo, hayo aliyatafuta. Aliinua macho darini akayavuta moja moja kama mtu achotaye maji katika kisima kikavu. Kilichokuja bila jasho kilikuwa kweli. Alichokitolea jasho ndicho kilichokuwa uongo. Palikuwa na aliyekuwa akimsimulia, naye badala ya kunyamaza na kusikiliza alimkata maneno. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Sisi hatudai kuijua. Ila Bi Funguo alilijua hilo moja, akaketi palepale chini ya kamba ya nguo.

Siku ya pili saa sita walikuwa wageni kumi na tisa katika ushoroba. Bibi kizee alikuwa mbele. Msimamizi alikuwa amepanda ngazi, amesimama mwisho wake, mikono nyuma. Redio alipofungua kinywa aanze, Bi Funguo alimgusa bega.

"Leo niachie mimi, mwanangu."

"Shangazi, nimeshapasha koo."

"Lipoze."

Akasimama mbele ya ubao. Alijitaja kwamba yeye ndiye mwanzo wa habari ile. Akasema siku aliyoisema, nani aliuliza, na jinsi alivyoona haya kusema kwamba hajui. Kisha akaisimulia habari ya ndui, ya mama aliyeamuru komeo lihamishwe, na ya mtoto wa miaka sita. Hakuipamba.

"Kwa hiyo tumepanda ngazi zote hizi kuambiwa hakuna kitu?" aliuliza mgeni mmoja mnene kutoka nyuma.

"Umepanda ngazi, ndugu yangu, ili umwombee mtu niliyemsingizia," alijibu Bi Funguo. "Ukishuka utakuwa mwepesi."

Kabla mgeni hajajibu, ndani ya chumba kidogo palikuwa na kishindo cha unyayo, kisha mburuto.

Wote walisikia. Mwanamke mmoja alimshika mumewe mkono. Redio, ambaye zaidi ya miaka minane alikuwa amelia kilio cha uongo mbele ya mlango ule, alirudi nyuma mpaka kisogo chake kikagonga ukuta. Unyayo, mburuto. Unyayo, mburuto. Ikaja kutoka upande wa dirisha, jua likiwa utosini na bahari ikivuma chini kama siku zote, mpaka ikafika mlangoni. Ikasimama.

Bi Funguo alitamani kukimbia. Miguu yake iliomba ruhusa, akainyima. "Mama mwenye nyumba," alisema, akiuelekea mlango, "nilikusingizia jambo hukulifanya. Nimelitengua mbele ya watu hawa. Unisamehe."

Ndipo bibi kizee alipopiga hatua mbili, akaweka kiganja juu ya komeo, mkono ukiwa mtulivu kuliko wa yeyote aliyekuwepo.

"Mama," alisema, kwa sauti ya chini ya mtu anayemwamsha aliyelala mchana. "Siku zimekwisha. Nakufungulia sasa."

Komeo liliteleza bila kelele, kwa kuwa maelfu ya mikono ilikuwa imelilainisha. Mlango ukafunguka.

Chumba kilikuwa kitupu. Hakuna kitanda, hakuna kiti, hakuna mtu. Vumbi la miaka minane lilikuwa limetanda sakafuni kama unga, jeupe, halijaguswa na mguu wa paka. Isipokuwa ukanda mmoja, upana wa mtu, uliotoka chini ya dirisha mpaka kizingitini, ambao mbao zake zilikuwa safi na zimesuguliwa mpaka zinameremeta.

Hakuna aliyepiga picha. Mgeni yule mnene alivua kofia yake.

Bibi aliingia. Aliufuata ukanda ule, akafika dirishani, akasukuma vibao vyake vilivyokuwa vimekaza, na upepo wa bahari ukaingia kwa nguvu. Vumbi likainuka lote kwa pamoja, likajaza chumba, likawatoa watu machozi na kuwakohoza. Lilipotua tena, sakafu yote ilikuwa ya rangi moja, na hakuna aliyeweza kuonyesha njia ilikuwa wapi.

Bibi akatoka, mabega yamejaa unga mweupe. "Nina njaa," alisema.

Bi Funguo alifungua ukanda kiunoni, akaziweka funguo katika kiganja cha msimamizi. Naye msimamizi, mtu wa ahadi, alizipokea, ingawa macho yake hayakuondoka kwenye chumba na vidole vyake vilikuwa vya baridi. Hakumrudishia siku ile wala baadaye. Ila alasiri hiyohiyo, kabla basi halijaondoka, aliung'oa ubao mwenyewe kwa mikono yake, na msumari mmoja uliondoka na kipande cha chokaa.

Wageni walipungua, kama msimamizi alivyohofia. Redio alikaa wiki mbili hawezi kusema kitu mbele ya mlango ule, na watembezaji wenziwe wakasema redio imeisha betri. Alipoanza tena alisimulia ya kweli, kwa maneno machache, na hakulia. Mlango haukukomewa tena, wala hakuna aliyesikia mwendo.

Bi Funguo alibaki na mzigo mwingine, usio na sauti. Uongo wake ulikuwa umekwisha kupanda mabasi miaka kumi na miwili. Katika miji asiyoijua, mezani pa watu asiowajua, bado alikuwapo mtu anayeuliza, "Nilikusimulia ya yule mama aliyemfungia mtoto?" Hakuwa na njia ya kuwafuata. Alifanya lililo ndani ya uwezo wake: asubuhi mbili katika juma aliketi ufukweni mahali mabasi yanaposhusha watu, na kila aliyesikika akilitaja komeo alimwita na kumweleza. Wengine walimsikiliza. Wengine walimdhania mwendawazimu. Mtaani waliendelea kumwita Bi Funguo ingawa kiuno chake kilikuwa kimya, na Fundi, ambaye aliahidi kumwita jina la ndoa, akakiri kwamba kweli amelisahau.

Miezi mitano baadaye ikaja barua kutoka kwa mjukuu wa bibi kizee. Bibi alikuwa amefariki dunia mchana, kitandani kwake, mlango wazi kama alivyotaka. Bi Funguo alisomewa barua na mumewe, akaikunja, akatia udhu wa moyo kwa machozi, na akamwombea bibi na mama yake pamoja, kwa kuwa hakuweza tena kumtaja mmoja bila mwenzake.

Ewe Mola uyasikiaye yaliyo nyuma ya milango, mrehemu mama aliyejifungia ili mwanawe aishi, na mrehemu mwana aliyetii. Umsamehe mja wako huyu kwa kila kinywa kilichorudia maneno yake. Umpe yeye na Fundi wake uzee wenye afya na chai yenye sukari, uwalinde watoto wao watatu na watoto wa watoto wao, na ndimi zao uzizuie na lile wasilolijua. Amina.